Karatasi Tatu za Bwana Mbio

Ngozi ilikuwa imelowa. Valère aliikamua kwa mikono miwili, akaipunga hewani, akaikamua tena, na bado ilidondosha maji. Mvua ilikuwa imepiga uwanja wa ndege wa Simi-Simi tangu asubuhi, na kituo kizima cha kampuni kilikuwa na ngozi moja tu ya kuchujia petroli. Katikati ilikuwa imechakaa hadi ukiiinua juu unaona vidole vyako upande wa pili. Alikwisha kuomba mpya mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa imeagizwa Léopoldville. Mara ya pili aliambiwa hivyo hivyo. Mara ya tatu aliulizwa kama ngozi anazila.

Alisimama juu ya bawa la ndege, pekupeku, kwa sababu viatu huteleza kwenye bati lililolowa. Chini yake Séverin alikuwa akizungusha mkono wa pampu iliyochomekwa kwenye pipa. Séverin alikuwa Mgenia, amewaachia kaka zake mitego ya samaki kule kwenye maporomoko, na alipampu petroli kama mtu anayevuta kamba ya mtego, kwa mgongo mzima.

Mapipa yale yalilala nje mwaka mzima, juani na mvuani, na maji yaliingia ndani humo kwa njia ambazo Mungu mwenyewe ndiye azijuaye. Ndiyo maana ya ngozi. Ukiilowesha kwa petroli kwanza, inapitisha petroli na kuyakataa maji. Lakini ngozi iliyokwisha kunywa mvua haikatai kitu. Baada ya kuchuja, mtu hushuka chini ya bawa, hufungua kizibo kidogo, hukinga kopo la kioo na kutazama, maana maji huwa yanakaa chini. Kisha rubani naye hutazama kopo hilo kwa macho yake mwenyewe, na wote wawili hutia saini karatasi ya mafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria.

"Valère! Bado nini?"

Rubani alikuwa amekwisha kukaa mahali pake, kiwiko nje ya dirisha. Wafanyakazi walimwita Bwana Mbio. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka tu. Alikula amesimama, akavuta sigara nusu akatupa.

"Komanda, ngozi iko na maji mingi. Tuiache ikauke, hata nusu saa."

"Nusu saa, jua itakufa mbele nifike Paulis. Tia tu."

Wakatia. Valère alishuka, akakinga kopo. Maji. Akamwaga, akakinga tena. Maji, kidogo. Mara ya tatu alibaki na tone moja chini ya kioo, dogo kama punje ya dengu, likitembea huku na huku. Akaliinua kopo kuelekea dirishani.

"Komanda, angalia. Tutoe tena mara moja, ao mbili."

"Weye umeona?"

"Nimeona. Iko na—"

"Macho yako ni macho yangu. Bon. Toka pale."

Injini ya kushoto ikanguruma na maneno yakaishia hapo. Valère akaenda kwenye kibanda, akachukua karatasi ya Jumatano. Saini ya Bwana Mbio ilikuwa pale tangu Jumatatu. Huo ndio ulikuwa mtindo wake: kila Jumatatu asubuhi alisaini karatasi sita za juma zima kwa mpigo mmoja, akamwachia Valère, ili asisumbuliwe. Valère akasaini chini yake. Alijua tone lile lilikuwa pale. Lakini ndege ilikuwa imekwisha kuanza kutembea, na katika kampuni ile karatasi isiyosainiwa ilikuwa kosa kubwa kuliko maji.

Ndege iliinuka, ikapita juu ya miti, na ilipofika juu ya mto injini ya kushoto ikakohoa. Ikakohoa tena, ikanyamaza. Watu wote uwanjani walisimama. Bwana Mbio aliigeuza ndege ikiwa chini sana, akairudisha, akaikosa barabara yake na kuibwaga kwenye majani marefu. Gurudumu moja likavunjika na bawa likalima udongo. Kwa hilo apewe haki yake: mwingine angewaua abiria wote. Mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa alivunjika mfupa wa bega, na sista wa misheni akapoteza meno mawili.

Valère alikimbia na ndoo ya mchanga. Bwana Mbio alikuwa akija kwa miguu, damu kidogo kwenye paji, na mbele ya watu wote akasema:

"Weye ulitia nini ndani?"

*

Valère alikaa mtaa wa Mangobo, nyumba ya matofali ya vyumba viwili, pamoja na mkewe Pétronille na binti yao Julienne, aliyekuwa akisoma kwa masista. Walikuwa watu wa Maniema, wa kijiji kimoja upande wa Kibombo. Wazungu waliuita mji huu Stanleyville. Wao waliuita Kisangani, na waliupenda, lakini mji haukuwa wao. Mtu mweusi alikaa mjini kwa karatasi, na karatasi ilikaa kwa kazi. Kazi ikiisha, baada ya siku chache polisi hukuletea barua ya njia, na utarudi ulikozaliwa hata kama ulitoka huko ukiwa hujaota ndevu.

Na Pétronille alikuwa na mimba ya miezi minane. Julienne alitoka kwa shida ambayo mama yake hakupenda kuisimulia. Waliomfuata, wawili, walifia njiani mle mle. Safari hii daktari wa hospitali alikuwa amempima nyonga kwa chuma fulani, akatikisa kichwa na kusema wazi: mtoto huyu atatoka kwa kisu au hatatoka. Akamwandikia siku ya kwenda kulazwa. Karatasi hiyo Pétronille aliiweka ndani ya kitabu cha katekisimu cha Julienne, na kila jioni aliitazama kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Kampuni ikamsimamisha Valère hadi mkaguzi wa serikali afike Jumatatu. Ilisemekana rubani atanyang'anywa ruhusa ya kuruka, au mtu wa mafuta atafukuzwa. Mmoja kati ya hao wawili. Kuhusu ngozi hapakusemwa kitu.

Lakini Valère hakuwa mikono mitupu. Kwenye mfuko wake wa turubai zilibaki karatasi tatu, za Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Zilikuwa tupu kabisa, hazina namba ya pipa wala lita, na kila moja ilikuwa na saini ya Bwana Mbio kwa wino wa buluu. Mtu atasainije kwamba amelitazama kopo la Jumamosi, wakati ndege imeanguka Jumatano? Hata mtoto wa shule angeelewa.

Siku ya pili Cyprien akaja kwa baiskeli. Cyprien alikuwa karani wa mizigo pale uwanjani, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, na ndiye aliyekuwa mwandishi wa chama cha wafanyakazi weusi. Kadi ya Valère aliiandika yeye, mwaka uliotangulia. Kadi ya weusi ilikuwa ya manjano na ya marubani ya buluu, lakini juu ya zote mbili ilichorwa alama ile ile, mikono miwili inayopeana. Valère aliingia kwa sababu alikuwa ameona kwa macho. Zamani marubani walilala chini ya mabawa huko Buta na kuruka mpaka macho yanawatoka. Wakaingia chama, na katika miaka miwili wakapata saa za kupumzika, nyumba zenye wavu wa mbu na likizo ya kwenda Ulaya na wake zao. Aliyeziona nyumba zile hakuhitaji kuhubiriwa.

"Ni kweli uko na karatasi?" Cyprien aliuliza, kabla hata ya kukaa.

"Iko tatu. Lundi nitaipa mkaguzi."

"Non, non. Valère. Weye ni membre wa chama ao hauko membre?"

"Niko membre."

"Alors? Membre hapeleke maneno ya mwenzake kwa serikali. Patron wa kampuni anafurahi sana akiona tunakulana. Tutapeleka kwa délégué ya marubani, mukubwa wa chama yao, Bwana Kiko. Ye na avocat wao, mutu wa sheria, watapanga maneno muzuri: ngozi ilizeeka, mapipa iko inje, kosa ni ya kampuni. Rubani anapona, na weye unapona. Chama ni nini, kama si ile?"

Ilikuwa hoja nzuri. Ubaya ni kwamba ilikuwa nzuri kweli, na Cyprien mwenyewe aliiamini, sauti ikimtetemeka kidogo kama mhubiri kijana.

Alipoondoka, Pétronille alitoka jikoni akijifuta mikono, ina harufu ya pondu, majani ya muhogo.

"Papa Julienne, peleka mbili. Moja ibakie hapa."

"Sababu gani? Ni chama yetu."

"Chama yenu, ndiyo. Tumbo ni yangu."

Akaichukua karatasi ya Jumamosi, akaitia kwenye katekisimu, pamoja na ile ya daktari.

*

Bwana Kiko aliwapokea kwenye baraza ya nyumba ya marubani. Alikuwa rubani mzee, mpole, mwenye kiko kisichowashwa, na alimwambia Valère aketi kwenye kiti. Valère hakuwahi kuketi kwenye kiti mbele ya Mzungu. Aliketi kwenye ukingo, magoti pamoja, na baadaye alijichukia kwa jinsi kiti kile kilivyompendeza.

Bwana Kiko alizitazama karatasi mbili kwa muda. Akazigeuza, akazitazama nyuma.

"Juma iko siku sita," alisema taratibu. "Lundi, mardi, mercredi, zilifanya kazi. Zinabaki tatu. Mie naona mbili."

Valère akajibu: "Labda moja iliharibika, Bwana. Na mvua."

"Labda?"

"Valère," Cyprien alisema.

"Camarade Valère," Bwana Kiko alisema, na neno lile la mwenzi wa chama lilimpiga Valère kifuani, maana hakuna Mzungu aliyewahi kumwita hivyo. "Tukienda mbele ya mkaguzi na karatasi mbili, na ya tatu inatokea kwa mukono ya mutu mwingine, avocat atasema nini? Atasema sie ni watu wa bwongo. Chama haiwezi kulinda mutu anaficha kitu."

Cyprien alikuwa akitazama viatu vyake.

"Iko ku nyumba," Valère alisema.

"Bon. Cyprien ataenda na weye."

Valère alisimama. Kisha, kwa kuwa Pétronille alikuwa bado kichwani mwake, akauliza kama angeweza kuandikiwa hata mstari mmoja, wa kuonyesha kwamba alizileta.

Bwana Kiko alicheka, kicheko kizuri tu, akamgusa bega. "Reçu? Kati ya camarades?"

Wakaenda Mangobo, Cyprien akiendesha na Valère amepanda nyuma ya baiskeli kama mzigo. Pétronille alikuwa amekaa mlangoni, miguu imevimba, ameinyoosha kwenye mkeka. Alimwita Julienne alete katekisimu, akaifungua mwenyewe, akatoa karatasi mbili. Ya daktari akaibakiza. Ya Jumamosi akamnyooshea Cyprien, si mumewe.

"Angalia muzuri, papa Cyprien," alisema. "Ile unashika si karatasi."

Cyprien aliikunja mara mbili na kuitia mfukoni, nyuma ya kalamu zake.

*

Jumatatu mkaguzi wa serikali alikaa nyuma ya meza katika ofisi ya mkuu wa kituo. Marubani walikuwa wamemleta mwanasheria kutoka Léopoldville, kwa gharama ya chama chao, kijana mwenye miwani aliyesema kwa sauti ya chini na kutabasamu mara kwa mara. Chama cha Valère nacho hakikumtupa. Kilimletea mkalimani. Alikuwa Cyprien.

Mwanasheria aliinua karatasi ya Jumatano. Je, hii ni saini ya rubani? Ndiyo. Anayesaini hapa anathibitisha kwamba ameliona kopo na lilikuwa safi? Ndiyo, ndivyo ilivyoandikwa. Na hii ya chini, ni yako? Ndiyo. Basi, alisema mwanasheria, wakati rubani anasaini, petroli ilikuwa safi. Kama maji yaliingia, yaliingia baadaye, mikononi mwa mtu aliyesaini wa mwisho. Akamshukuru Valère. Alimshukuru kwa adabu kabisa.

"Hakuona kopo," Valère alisema. "Nilimuonyesha, akakataa. Anasainiaka zote sita kila lundi. Karatasi ya jeudi, vendredi na samedi ilikuwa na saini yake mbele ndege ianguke, na nilizipana kwa Bwana Kiko, pale kwa baraza. Cyprien aliona."

Cyprien alivuta pumzi, akageukia meza, akasema kwa Kifaransa kilichonyooka kwamba mfanyakazi anadai komanda alikuwa na haraka.

Valère alikuwa amesoma kwa mapadri miaka minne. Alikisikia Kifaransa kile, neno kwa neno, na alisikia mahali kilipokatwa. Akasimama.

"Monsieur," alisema mwenyewe kwa Kifaransa, kwamba husaini Jumatatu kwa juma zima na kwamba karatasi zipo, "il signe lundi. Toute la semaine. Les papiers... monsieur Kiko... les papiers sont là."

Mkaguzi aliinua uso. Kwa muda mfupi sana alionekana mtu anayetaka kujua. Akamuuliza Bwana Kiko kama kuna karatasi zozote zaidi. Alimwita kwa jina hilo hilo, bila kujua kwamba ni la utani la wafanyakazi. Marubani walicheka, na mkaguzi naye akatabasamu, na Bwana Kiko, akitoa kiko mdomoni, akasema hapana, hakuna.

Mkaguzi akamgeukia mkalimani. Je, yeye anajua lolote kuhusu karatasi hizo?

Cyprien alikuwa na watoto watano na nyumba ya kampuni. Jasho lilimtoka chini ya tai. "Non, monsieur," alisema.

Rubani akaondolewa lawama. Akapewa majuma mawili ya mapumziko, kama ilivyoandikwa katika mapatano ya chama chao kwa rubani aliyepata ajali. Valère akapigiwa muhuri kwenye kitabu chake cha kazi, na muhuri huo ulifika ofisi ya msimamizi wa mji kabla yake. Alhamisi akapewa siku kumi na moja. Mtoto alitarajiwa baada ya majuma matano.

Alikwenda na karatasi ya daktari. Karani wa msimamizi aliisoma yote, hakumtukana, hakumfukuza. Alieleza tu kwamba karatasi ya hospitali inatoa kitanda, haitoi ruhusa ya kukaa mjini, na kwamba mwanamke hufuata karatasi ya mumewe. Huko mbele, Kindu, nako kuna hospitali.

"Ile tarehe yake iko ya hapa," Valère alisema. "Yule munganga anamujua hapa."

"Naelewa, papa," karani alisema, na akaita anayefuata.

Walikuwa wavuke mto, wapande treni hadi Ponthierville, kisha meli siku kadhaa, kisha barabara. Pétronille alisikiliza hesabu hiyo ya njia mpaka mwisho. Hakulia wala hakumlaumu, na Valère angetoa chochote alaumiwe. Alianza kufunga sufuria kwenye kitambaa, moja ndani ya nyingine, akipumzika kila baada ya mbili.

*

Asubuhi ya Jumatatu, siku ya kuondoka, Valère alikwenda Simi-Simi kurudisha vitu vya kampuni: koti la mvua na ufunguo wa kibanda. Séverin ndiye aliyepewa nafasi yake. Alikuwa amevaa shati jipya, na hakujua aweke wapi uso wake.

"Tonton Valère, usinikasirikie. Waliniambia tu."

"Sina kasirani na weye."

Kibandani palikuwa na tangazo jipya, limepigwa taipu vizuri. Alama ya mikono miwili ilikuwa juu. Mashine ile Valère aliijua, herufi moja ilikuwa ikiruka mstari. Ilikuwa ya Cyprien. Séverin aliweza kusoma jina lake na namba, basi. Kifaransa kirefu kilimshinda. Akamwomba Valère amsomee.

Valère akasoma. Chama cha marubani kiliwatangazia wanachama wake ushindi. Kuanzia siku hiyo rubani hatasaini tena karatasi ya mafuta. Saini itakuwa moja tu, ya mtu wa petroli, naye peke yake ndiye atakayejibu kwa kilichomo ndani ya tangi.

"Ni maneno muzuri?" Séverin aliuliza.

"Kwao, ndiyo."

"Papa Cyprien aliniletea kadi jana. Ya manjano. Anasema niingie, chama inasaidia watu wa ndege." Alimtazama mkubwa wake kwa macho ya kweli kabisa. "Weye ulikuwa ndani, tonton. Iko na faida?"

Valère aliweka ufunguo mezani. Nje, injini ilikuwa ikipashwa moto, na kichwa cha Bwana Mbio kilitokea mlangoni, na plasta ndogo kwenye paji. Alimwona Valère, akageuzia macho kidogo kwenye dirisha la upande wa pili, kisha akaweka karatasi sita mezani.

"Séverin! Saini zote sasa, ya juma muzima. Hivi hatusumbuane. Upesi."

Akaenda zake.

Séverin alifuta viganja kwenye suruali. Alikuwa amejifunza kuandika jina lake mwaka ule ule, kwenye darasa la watu wazima la misheni, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumhitaji aliandike. Alikaa, akaishika kalamu kwa ngumi.

"Usisaini, Séverin. Ngoja uone kopo kwanza."

"Nikikataa, tonton, nitafanya nini? Nitarudi ku mitego?" Hakuuliza kwa ubishi. Alingoja jibu kweli, kalamu hewani, na Valère, aliyesaini mwenyewe huku akijua tone lipo, aliinyoosha karatasi ya kwanza mbele yake. Bwana Mbio alipiga honi ya gari la uwanja mara mbili.

"Jina moja ao yote?" Séverin aliuliza.

"Yote," Valère alisema. "Hapa, chini."

Séverin aliandika polepole, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, herufi kubwa zilizopita mstari. Alipomaliza ya kwanza aliinyanyua, akaitazama kwa mbali, akafurahi, na akavuta ya pili. Juu ya msumari nyuma yake ngozi ilining'inia, ile ile, ikidondosha maji sakafuni.